Gharika Kabla ya Nuhu: Nani Aliisimulia Kwanza?

Tarehe 3 Desemba 1872, jijini London, George Smith alisimama mbele ya wasomi wa Biblia akiwa na habari nzito. Alikuwa na miaka 32 tu, chuo kikuu hakukanyaga, na kabla ya kuajiriwa Makumbusho ya Uingereza kazi yake ilikuwa kuchonga sahani za kuchapia noti. Kikabari, ule mwandiko wa kale unaoandikwa kwa kukandamiza bua kwenye udongo mbichi, alijifundisha mwenyewe. Siku hiyo hata Waziri Mkuu Gladstone alikuja kumsikiliza.

Alichowasomea kilitoka kwenye kibao cha udongo kilichovunjika. Mtu anaonywa kwa siri kwamba maji yanakuja. Anajenga chombo, anakipaka lami, anaingiza jamaa zake na wanyama. Dhoruba inapiga siku sita mchana na usiku. Chombo kinakwama mlimani. Anamtuma njiwa, anarudi. Anamtuma mbayuwayu, anarudi. Anamtuma kunguru, harudi tena. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa anaijua hadithi hiyo tangu utoto, ila shujaa wake alimjua kwa jina la Nuhu. Huyu wa kwenye kibao anaitwa Utnapishtim.

Kibao hicho kilitoka Ninawi, karibu na Mosul ya leo nchini Iraki, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal wa karne ya 7 KK. Waliofukua maktaba hiyo katikati ya karne ya 19 ni Mwingereza Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul yenyewe, ambaye sifa zake mara nyingi zilimezwa na Wazungu aliofanya nao kazi. Smith alikuwa amesoma sehemu ya 11 ya utenzi tunaouita leo Gilgamesh.

Sasa hapo ndipo swali linapoanza. Je, mtunzi wa Gilgamesh ndiye aliyeibuni hadithi ya gharika? Hapana. Kuna mahali kwenye utenzi huo ambapo shujaa, badala ya kuitwa Utnapishtim, anaitwa ghafla Atrahasis. Ni kama fundi aliyenunua mlango wa mtumba akasahau kufuta jina la mwenye nyumba wa kwanza. Na huyo mwenye nyumba tunamjua: upo utenzi mwingine, wa Atrahasis, ambao nakala yake maarufu iliandikwa na mwandishi Ipiq-Aya katika karne ya 17 KK, takriban miaka 1,000 kabla ya Ashurbanipal. Mwaka 1914 Arno Poebel alichapisha kibao kutoka Nippur chenye hadithi hiyohiyo kwa lugha ya Kisumeri, na shujaa anaitwa Ziusudra. Kisha mwaka 2014 Irving Finkel akatangaza kibao kingine cha mistari 60, cha zama zilezile za Wababeli wa kale, kinachotoa vipimo vya safina ya duara. Ndiyo, ya duara, kama mitumbwi ya matete iliyopakwa lami ambayo watu wa Iraki waliendelea kuitumia mpaka karne ya 20.

Lakini je, kulikuwa na gharika kweli? Mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimba mji wa Uru, alikuta tabaka nene la tope safi lisilo na vigae wala mifupa, akatangaza kwamba ameiona gharika ya Nuhu. Habari ilienea dunia nzima. Tatizo ni kwamba matabaka ya namna hiyo yalipatikana pia Kish na Shuruppak, mji ambao vibao vinasema ndiko alikoishi shujaa, na umri wake haulingani na lile la Uru. Yaani yalikuwa mafuriko mengi, si moja.

Na hilo halishangazi ukiijua nchi yenyewe. Mto Nile ulifurika baada ya mavuno na kuwaachia Wamisri rutuba. Hidekeli na Frati ilifurika majira ya kuchipua, theluji ya milima ya Uturuki ilipoyeyuka, wakati nafaka iko karibu kuvunwa. Nchi ni tambarare, hakuna kilima cha kukimbilia. Kwa mkulima wa Sumeri, eneo aliloweza kuliona kwa macho ndilo lilikuwa dunia, na dunia hiyo iliweza kuzama kwa wiki moja.

Wengine hupenda kusema kwamba kwa kuwa hadithi za gharika zipo kila bara, lazima zote zina chanzo kimoja. Tuwe waangalifu. Mwaka 1904 Merker, ofisa wa Kijerumani katika koloni lililokuja kuwa Tanganyika, alichapisha hadithi ya Wamaasai kuhusu Tumbainot, mtu mwema aliyeokoka kwenye sanduku la mbao. Lakini Merker alikuwa tayari anaamini kwamba Wamaasai na Waebrania wana asili moja, na wamisionari walikuwa wamekwishafika. Mtu akitafuta kitu kwa hamu hivyo, atakipata.

Mimi kinachonigusa zaidi si nani alitangulia, bali sababu ya gharika. Katika Atrahasis, watu wanaangamizwa kwa sababu wamekuwa wengi na kelele zao zinamnyima usingizi mungu Enlil. Basi! Biblia na Kurani zilileta sababu nyingine kabisa: uovu wa watu, na Nuhu aliyewaonya wakakataa. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo maana kusema dini zilinakili tu ni uvivu wa kusoma.

Ila vibao vina jambo ambalo tunalihitaji bado. Gharika ikiendelea, mungu mzazi analia kwa kuona watoto wake wameelea kama kerengende mtoni. Na katika Gilgamesh, Ea anamkabili Enlil: mkosaji abebe kosa lake mwenyewe, kwa nini umewazoa wote? Ea naye si mpole sana. Anasema heri ungetuma simba au njaa wakapungua. Lakini swali ameliuliza.

Hanang ilipofunikwa na tope Desemba 2023, na Mai Mahiu na Rufiji zilipokumbwa na maji Aprili 2024, hazikukosekana sauti za kusema ni adhabu ya dhambi. Dhambi gani ya mtoto aliyekuwa amelala? Ukisema adhabu, hakuna tena haja ya kuuliza nani aliruhusu nyumba kwenye mkondo wa maji, wala onyo lilifika kwa nani na saa ngapi. Hata Utnapishtim aliokoka kwa sababu mtu alimnong'oneza mapema. Majirani zake wa Shuruppak hawakuambiwa ukweli.