Mkumbano: Mnyama Mla Nyama katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Mkumbano ni sehemu ya mchezo wa kuigiza wa mezani ambamo wahusika hukutana na kiumbe au watu wasio wa upande wao, na wachezaji hulazimika kuamua la kufanya kabla ya safari kuendelea. Dhana hii ilienezwa na Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Kiongozi wa mchezo husimulia, wachezaji hujibu, na dadu huamua yale yasiyo na hakika.

Neno pambano huja upesi mdomoni, lakini ndani yake tayari kuna mshindi na mshindwa. Mtu aliyekumbana na mamba ukingoni mwa mto, akarudi nyuma, na mamba akazama, hakupambana na yeyote. Kanuni zenyewe zinaunga mkono tofauti hii: katika toleo la msingi la mchezo huo la mwaka 1981, dadu mbili hurushwa kujua kama kiumbe atashambulia, atasita au ataondoka, na nyingine mbili hupima kama moyo wake utavunjika akimbie. Kwa hiyo mkumbano ndilo neno linalofaa. Pambano libaki kwa mapigano yakishaanza.

Swali la kwanza la anayetunga mkumbano wa mnyama mla nyama ni hili: mnyama huyu anataka nini? Rufiji, eneo la bara la Tanzania mkabala na Kisiwa cha Mafia, inatoa jibu zito. Simba aliyeuawa huko mwaka 2004, akihusishwa na vifo vya watu wasiopungua 35, alikutwa na gego lililopasuka na jipu chini yake. Utafiti ulioongozwa na Craig Packer, uliochapishwa mwaka 2005, ulihusisha mashambulizi ya simba nchini Tanzania na nguruwe pori: nguruwe huingia mashambani, wakulima hulala kwenye madungu kulinda mazao, na simba huwafuata nguruwe. Hapo mkumbano umejitunga wenyewe. Wahusika wako juu ya dungu usiku, nguruwe wanakoroma chini, kisha mkoromo unakatika ghafla. Wapige debe? Wawashe moto? Wanyamaze? Kila uamuzi una matokeo yake, na hakuna upanga uliokwisha kuchomolewa. Simba wa namna hii anatisha kuliko anayeruka tu kutoka kichakani, kwa sababu ana njaa, maumivu na mazoea.

Mahali nako kuna sheria zake. Kisiwa cha Mafia hakina simba wala chui, hivyo jedwali la mikumbano la kisiwa hicho, yaani orodha ya viumbe wanaoweza kukutwa, lisiwataje. Anayevuka kwa boti kutoka Nyamisati, upande wa bara, kwenda Kilindoni kisiwani hupita kwanza kwenye delta ya Rufiji, yenye mikoko na mamba. Mbele ni bahari, na humo wamo papa. Viboko wapo kisiwani na ni hatari, ila ni wala majani. Papa potwe, anayeonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, anaweza kupita urefu wa ngalawa, lakini hula viumbe wadogo wa baharini kama uduvi. Mkumbano naye ni halali kabisa katika mchezo. Ila asiandikiwe shambulio la kuuma.