Tembe na Mvua za Mwaka wa Uhuru

Katika nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba mvua huja kwa msimu mmoja tu, aghalabu tangu Novemba hadi Aprili. Kwa sababu hiyo wazee walijenga tembe, yaani nyumba fupi ya miti na udongo yenye paa bapa. Tembe huzuia joto la jua na hustahimili upepo. Adui yake ni mvua isiyokatika: udongo wa paa ukilowa huwa mzito, boriti zikalemewa, na nyumba ikaweza kuporomoka.

Mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya ukame na njaa, mvua kubwa ziliinyeshea Afrika Mashariki, hata Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 1 kufikia mwaka 1964. Hivyo Tanganyika ilipata Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, katika msimu wa mvua usio wa kawaida. Kwa mwenye tembe, neema aliyoingojea shambani ndiyo iliyomtia hofu nyumbani.

Basi tusiibeze tembe. Ni elimu ya wazee juu ya hali ya nchi yao. Wajibu wetu ni kuijua elimu hiyo, pamoja na mipaka yake.