Anandamidi

Mkia wa neno hili ni wa kemia, kichwa ni cha Kisanskriti: ananda, raha iliyotulia. Walilibuni mwaka 1992 katika maabara ya Raphael Mechoulam, Jerusalem, baada ya William Devane na Lumír Hanuš kuchuja ubongo wa nguruwe na kupata aina ya mafuta ambayo mwili hujitengenezea, nayo hushika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na bangi. (Bangi yenyewe, kama neno, ilitufikia kutoka Bara Hindi, kama ananda.)

Jina tamu, ila linapotosha kidogo. Mfumo wa mwili unaotumia mafuta haya hauko kwa ajili ya starehe. Hupunguza makali ya ujumbe kati ya seli za neva, na humo hupita njaa, maumivu na hofu. Watengeneza dawa walilijua hilo kwa gharama. Rimonabanti, kidonge cha kupunguza unene, iliziba vipokezi hivyo ili mtu asitamani chakula. Ulaya iliiruhusu mwaka 2006, ikaisimamisha 2008: uzito ulipungua kweli, lakini baadhi ya watumiaji waliingiwa na sonona, wengine mawazo ya kujiua.

Basi magazeti yetu yaache kuita kila kitu cha ubongoni “homoni ya furaha”. Kwa mfano BDNF, ambayo dawa za sonona huiongeza katika ubongo wa panya, ni protini ya kukuza na kutunza seli za neva. Jina “kikuzaneva” lingetosha.