Samaki 39 wa Ziwa Mweru

Desemba 1 uvuvi hufungwa Ziwa Mweru, na mialo ya Nchelenge na Kashikishi hupoa hadi mwisho wa Februari. Mvua zimeanza, Mto Luapula unajaa, samaki wanapanda kutaga. Sheria ya Zambia inawalinda. Kinachoonekana majini miezi hiyo, hata hivyo, hubaki vichwani mwa wavuvi.

David Livingstone aliwasikiliza. Alifika ziwani Novemba 8, 1867, nao wakamtajia aina 39 za samaki, akayaandika majina kama alivyoyasikia: monde, mota, lasa, kasibe, mpifu na mengine. Shajara yake ilichapishwa London mwaka 1874. Baadaye wakaja maofisa wa kikoloni na wataalamu, orodha zikarefuka.

Kisa cha kuuma ni cha mpumbu, ndugu wa ningu wa Ziwa Viktoria. Mto ulipofurika, mpumbu walipanda Luapula kwa makundi makubwa. Jike aliyeiva humwaga mayai kwa kuguswa tu, naye pia alinaswa. Wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, walitaka samaki wa kulisha migodi ya Katanga, na nyavu zikatandazwa njiani mwa mpumbu. Miaka ya 1940 ilipoisha, misafara ile ilikuwa imevunjika. Ningu naye alikuja kupatwa na hayohayo midomoni mwa mito ya Viktoria.

Mwanahistoria David Gordon, katika Nachituti's Gift (2006), anasisitiza kwamba maji ya Mweru na Luapula hayakuwa shamba la bibi. Masimulizi ya Luapula yanasema Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, alipomlipizia kisasi, mama huyo alimkabidhi kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa. Hata hivyo, wenyeji Washila waliendelea kuheshimiwa kama wenye maji. Namuunga mkono Gordon. Utaratibu ulikuwepo, soko likaupita.

Siku hizi chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa, ndivyo vinavyojaza masoko. Kilo zao zinahesabiwa, maarifa ya mvuvi hayahesabiwi, na hilo ni aibu. Kila mwalo upewe daftari, mvuvi aandike mwenyewe na atie jina lake: samaki gani kaonekana, siku gani, mto upi. Marufuku ndiyo wakati wake, nyavu zikiwa zimeanikwa na wazee wanaomkumbuka mpumbu kwa simulizi za baba zao wakiwa nyumbani.