Mashua kwa Senti za Watoto

Vijana wa usharika wetu hapa Ilomba walipoleta kwa wazee wa kanisa ombi la kununua mashua ya makasia, baadhi yetu tulicheka. Tunaishi mjini, kwenye baridi ya Mbeya, na kutoka hapa mpaka Ziwa Nyasa unapita Uyole na Tukuyu ndipo uteremke Kyela. Mashua ya nini? Kumbe hawakujiombea wenyewe. Walikuwa wametembelea vijana wenzao kule Matema, wakaona jinsi wanavyoazima mtumbwi wa mvuvi kila wanapokwenda kuimba na kusali na watu wa upande wa Ikombe, ambako milima inashuka moja kwa moja hadi majini. Mvuvi akiwa kazini, safari haipo.

Baada ya hapo hatukucheka tena. Tulibishana juu ya fedha. Vijana walipendekeza bahati nasibu: tiketi ya shilingi 1,000, zawadi simu. Wazee wakasema hapana, maana mitaani kwetu kila siku tunawaona vijana wameinamia mikeka ya kubeti. Ndipo kijana mmoja aliyesoma historia akauliza, kwa adabu kabisa: "Wachungaji, mbona meli ya Wajerumani katika ziwa hilo hilo ilipatikana kwa bahati nasibu ya kupinga utumwa?"

Alikuwa na haki. Meli ile, Hermann von Wissmann, ilipata fedha zake kwa michango na kwa bahati nasibu iliyoendeshwa Ujerumani na kamati ya kupinga utumwa. Ilisafirishwa vipande vipande kwa mito Zambezi na Shire, ikaanza kuelea mwaka 1893. Wamisionari wa Berlin, ambao sisi Walutheri wa nyanda hizi tunatokana na kazi yao, walikuwa wamefika miaka miwili kabla yake, wakipita njia hiyo hiyo ya mito na ziwa. Kwa hiyo hatuwezi kujifanya kwamba jambo hili halituhusu. Mwaka 1914 vita ilipoanza, meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia pale Liuli ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita imeanza, na aliyemshambulia alikuwa rafiki yake. Hatusemi kwamba bahati nasibu ndiyo iliyoleta hayo. Tunasema tu kwamba mnunuzi wa tiketi alitafuta zawadi, na namba zikishasomwa, yeye na meli hawana tena la kuulizana.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya zamani kuliko hiyo. Mwaka 1839 mmisionari John Williams aliuawa katika kisiwa cha Erromanga, Bahari ya Pasifiki. Watoto wa makanisa ya Uingereza wakachanga senti zao, zikafika zaidi ya pauni 6,000, na mwaka 1844 meli yenye jina lake ikaondoka. Huko Marekani, mwaka 1856, watoto wa shule za Jumapili walinunua hisa za senti kumi kumi, na meli Morning Star ikajengwa karibu na Boston. Kila mtoto alipewa cheti cha hisa yake.

Hapa ndipo tulipotulia kusoma. John Williams ilivunjika kwenye miamba mwaka 1864. Watoto wakachanga tena. Ya pili ikapotea mwaka 1867, haikuwa imemaliza hata miaka miwili majini. Wakachanga mara ya tatu! Morning Star nayo ilifuatiwa na nyingine zenye jina lilelile. Aliyetoa senti kumi aliihesabu meli kuwa yake, na mwenye chombo akisikia kimezama haulizi kama kuna zawadi.

Ziwa letu nalo lina la kusema. Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples wa Waanglikana alizama humo, mashua ya tanga ilipopinduka katika dhoruba. Meli iliyoitwa kwa jina lake ilikuja katika vipande 3,481, na boila lake la tani 11 lilivutwa na Wangoni 450 kwa zaidi ya kilomita 100, ikashushwa majini mwaka 1901. Jina la askofu limeandikwa ubavuni. La Wangoni hata mmoja hatujaliona popote. Tukio la askofu ndilo lililotufanya tuongeze kwenye bajeti jaketi za kuokolea maisha, jambo ambalo vijana walikuwa wamelisahau, na sisi wazee pia.

Bahati nasibu tumeiacha. Watoto wa shule ya Jumapili wanaleta sarafu, na kila aletaye anaandikwa jina kwenye daftari moja, wa 200 na wa 5,000 bila kutenganishwa. Baba mmoja alilalamika kwamba mchango wake umewekwa chini ya wa mjukuu wake. Tukamwambia mjukuu aliwahi.

Fundi wa kule ziwani anasema mbao zipo. Jaketi ndizo zinazotusumbua kwa bei. Jumapili ijayo baada ya ibada kuna mnada: mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, kuku watatu, na gunia la viazi.