Mfagiaji Mwenye Mbawa

Anayetaka kuwaona chozi wakinyonya maua ya mpapai uani kwake, awe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, huambiwa apande miti na aweke beseni la maji. Ushauri huo si mbaya, ila umeruka hatua ya kwanza. Historia ya pwani yetu inaonyesha kwamba kabla ya miti na maji, kinachoamua ndege gani atue uani ni jaa. Yuko ndege mmoja aliyekaribishwa rasmi kwa ajili ya taka, na hadi leo hajaaga.

Ndege huyo ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, mwembamba kuliko kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa himaya ya Waingereza, ili ale taka za mji. Uchafu wenyewe haukuwa wa kusingiziwa: tangu mwaka 1866 David Livingstone alikuwa ameulalamikia uvundo wa ufukwe ule hata akaupachika mji jina la kejeli. Kunguru akaifanya kazi aliyotumwa, kisha akavuka bahari. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye akaenea miji ya mwambao. Meli humsaidia sana; katika miaka ya 1990 wenzake walifika hata Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, wakataga na kuangua huko.

Mwangalie kazini. Mtu anampaa samaki magamba uani. Kunguru yuko juu ya ukuta, anasogea kimshazari, kichwa upande, kana kwamba ana shughuli nyingine kabisa. Kisu kikitua tu, utumbo umekwenda. Akishashiba hapo huingia kwenye mwarobaini, hupekua tawi kwa tawi mpaka akipate kiota cha shore, akala mayai au akaondoka na kinda mdomoni. Kiota chake mwenyewe hukijenga juu, mara nyingi kwa vipande vya waya tulivyovitupa sisi.

Wako watakaosema anaonewa: shore na chozi wamepungua kwa sababu tumekata miti na kumwaga zege uani. Ni kweli, zege halina maua. Lakini hata palipobaki miti mikubwa, kiota kinachoporwa kila msimu hakiongezi ndege. Wengine watasema kunguru wa asili naye ni mwizi wa mayai. Naye ni mwizi, ila ndege wetu wamekua naye tangu zamani, na hajazagaa mijini kwa makundi kama ya huyu mgeni. Huko kwao Bara Hindi, mgeni huyu ana wa kumpunguza: koeli, ndege anayetaga katika kiota cha kunguru na kumwachia mzigo wa kulea. Waliomleta kunguru hawakumleta koeli, na afadhali, maana dawa ya aina hiyo huweza kuzaa ugonjwa wa pili.

Hoja nzito zaidi ni ile ya sumu na mitego: kwa nini tusimmalize tu? Imejaribiwa. Zanzibar ilifanya kampeni kubwa katika miaka ya 1990, kunguru wakapungua sana. Kampeni ilipolegea wakajaa tena. Malindi na Watamu, huko Kenya, sumu iliwapunguza, ilipokoma wakarejea. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Sipingi kuwaua, maana madhara yao ni makubwa. Ninachopinga ni kuihesabu mizoga na kuliacha dampo wazi, kwa sababu kunguru huyu hana maisha ya porini: aliko yeye pana watu, na palipo na watu wasiofunika taka, wachache waliosalia hula, hutaga na kuwalea makinda wao wote.

Kwa hiyo mwenye hamu ya chozi aanze na kifuniko cha pipa, kisha mabaki ya kuku na samaki yafukiwe siku hiyohiyo, na beseni la maji lije mwisho. Jirani asipofunika lake, kunguru atashinda kwa jirani, na mwarobaini uko hatua chache tu kutoka hapo.