Kupandishwa Daraja na Kulipia Daraja

Neno "apgredi" limeingia katika mazungumzo ya wasafiri wetu kupitia kaunta za viwanja vya ndege. Abiria ametoka Soweto, Mbeya, alfajiri na begi lake, amefika Uwanja wa Ndege wa Songwe, na mhudumu anamwambia: "Mama, ukiongeza kidogo nakukalisha mbele." Siku nyingine abiria mwingine anaambiwa: "Shikamoo mzee. Leo tumekuapgredi, karibu mbele." Wote wawili watakaa mbele ya pazia lilelile, watapewa kinywaji kilekile, na wakifika nyumbani watasema wameapgrediwa. Lakini mmoja amefungua pochi na mwingine hakutoa hata senti. Neno moja limefunika mambo mawili, na biashara ya ndege inanufaika kwa kuyaacha yaendelee kufunikwa.

Tuanze na daraja lenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakikulisubiri mpaka ndege zije. Mkazi wa Soweto analijua kutoka stendi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga ukomo wa nauli za mabasi ya mikoani kwa madaraja. Nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023 ziliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye kilomita takriban 830, hiyo ilikuwa kama shilingi 40,000 kwa basi la kawaida na 56,000 kwa la kati. Treni ya TAZARA nayo ina daraja la kwanza lenye vitanda vinne kwa chumba na daraja la pili lenye vitanda sita. Huko kote hakuna anayepandishwa. Unachagua, unalipa, unakaa, na bei inajulikana kabla hujatoka nyumbani.

Maana ya pili ya daraja inatoka kazini. Mwalimu akisema "nimepandishwa daraja" hasemi kwamba amelipia chochote. Anasema ametumikia, amepimwa, amesubiri, na sasa mwajiri amemwinua. Ndiyo maana Serikali iliposimamisha upandishaji vyeo mwaka 2016 ili kuhakiki watumishi hewa, manung'uniko yalikuwa makubwa, na Rais Samia alipotangaza Mei Mosi 2021 jijini Mwanza kwamba watumishi watapandishwa, alishangiliwa. Katika maana hii daraja ni haki ya aliyevumilia. Ukimwambia mwalimu huyo kwamba daraja linauzwa dirishani, atadhani unamsimulia habari za rushwa.

Anga ilianza na maana hii ya pili. Marekani ilipolegeza udhibiti wa nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika yaliachwa yagombanie abiria, na kila moja lilitafuta namna ya kumshikilia mteja wake asikimbilie kwa jirani. Mwaka 1979 Texas International Airlines ilianza kuhesabu maili za abiria na kuwapa zawadi. Mei 1981 American Airlines ikaanzisha AAdvantage, na United ikafuata siku chache baadaye. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila unaporuka, maili zako zinaandikwa. Zikijaa unapata tiketi ya bure, na viti vya mbele vikibaki wazi, wewe unaitwa kwanza.

Afrika Mashariki ililipokea jambo hili kwa kuchelewa. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo huku ikibanwa na upungufu wa ndege kwa miaka mingi. Kwa msafiri wa ndani swali lilikuwa kama ndege ipo, si kama atakaa mbele. Leo mipango hii imeenea: Precision Air ina Paa Royal, Air Tanzania ina Twiga Miles, Kenya Airways ina Asante Rewards na Ethiopian ina ShebaMiles. Wengi huiita "mipango ya uaminifu". Tafsiri hiyo imebeba mzigo usio wake. Uaminifu ni tabia ya mtu anayerudisha pochi aliyoiokota. Anayeruka na shirika moja kila mwezi huenda hana shirika jingine linalofika kwao. Sokoni Mwanjelwa, hapo Mbeya, tayari tuna jina lake: mteja wa kudumu. Na mteja wa kudumu anajua haki yake: akipimiwa sado ya viazi, muuzaji huongeza viwili vitatu juu bila kuombwa. Kwa hiyo mpango huo uitwe "mpango wa wateja wa kudumu", na faida yake iitwe nyongeza. Hapo kila mtu ataelewa kinachodaiwa.

Nyongeza hiyo ndiyo iliyoanza kuuzwa. Sababu yake si siri. Kiti cha ndege ni bidhaa inayooza: mlango ukifungwa na kiti kiko wazi, thamani yake ni sifuri na haitarudi. Zamani meneja aliona afadhali kiti hicho akipewe mteja wa kudumu, apate shukrani yake. Baadaye mtu akauliza: kwa nini tutoe bure wakati aliyekaa nyuma yuko tayari kutoa chochote? Mifumo ya kompyuta ikarahisisha jibu. Plusgrade, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 2009, iliyauzia mashirika mfumo wa kuwaandikia abiria kabla ya safari na kuwaalika wataje bei wanayoiweza, kama mnadani. Delta ya Marekani imewaeleza wawekezaji wake waziwazi kwamba viti vya daraja la juu ambavyo zamani sehemu kubwa viligawiwa bure, sasa vingi vinauzwa. Na tangu mwaka 2015 Delta na United ziliacha kuhesabu umbali aliosafiri mtu katika kumpa maili, zikahesabu fedha alizotumia. American ikafuata mwaka 2016. Aliyeruka sana kwa tiketi za bei nafuu akajikuta nyuma ya aliyeruka mara chache kwa tiketi ghali.

Kwetu tatizo linabana zaidi kwa sababu viti ni vichache. Dash 8-Q400 ya Air Tanzania ina viti 76, na kati ya hivyo sita tu ndivyo vya mbele. Airbus A220-300 ina viti 132, kumi na viwili vikiwa vya mbele. Hesabu viti sita. Viwili vimechukuliwa na watumishi wa umma ambao kanuni zinawapa daraja hilo kwa vyeo vyao. Tuite hiyo stahili, maana si tuzo wala si manunuzi yao binafsi. Kimoja kimenunuliwa tangu mwanzo kwa nauli kamili. Vimebaki vitatu. Kaunta ikiviuza vitatu hivyo kwa bei ya kutupa, mteja wa kudumu aliyekusanya pointi miaka mitatu hana pa kupandishiwa. Hajanyang'anywa kitu kilichoandikwa kwenye tiketi yake, lakini nyongeza yake imeliwa.

Kuna njia nyingine, nayo imewahi kupita Songwe. Fastjet iliyoanza safari zake Tanzania Novemba 2012, na kufika Mbeya mwaka uliofuata, haikuwa na daraja la mbele wala pointi. Nauli ya kuanzia ilitangazwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, na kila kingine, mzigo ukiwemo, kililipiwa peke yake. Watu ambao hawakuwahi kupanda ndege walipanda. Shirika hilo liliondoka nchini mwaka 2018, lakini liliacha somo: ukiuza kila kitu kwa bei, usijifanye unampa mtu zawadi.

Sasa turudi kwenye istilahi. Kitenzi chetu kina viambishi vya kutosha kutenganisha kinachochanganywa. Kupandishwa daraja kuna mtendaji aliye nje ya abiria: shirika limeamua, abiria amepokea. Kitenzi hicho kitumike pale tu ambapo hakuna fedha iliyotolewa, iwe ni tuzo ya mteja wa kudumu au ni kwa sababu viti vya nyuma vimeuzwa kupita idadi. Kwa anayetoa fedha, wapo wanaopendekeza "kujipandisha daraja", lakini neno hilo lina harufu ya majigambo. "Kununua daraja" nalo linakumbusha vyeti vya kununua. Linalobaki safi ni kulipia daraja, na fedha yenyewe ni nyongeza ya nauli. Anayetoa pointi badala ya shilingi anakomboa daraja, kama tunavyokomboa kilichokuwa chetu. Na anayeondolewa mbele akarudishwa nyuma ameshushwa daraja, naye ana haki ya kudai tofauti ya nauli.

Majina ya madaraja yenyewe yanahitaji jicho hilohilo. "Daraja la biashara" limezoeleka na sidhani litang'oka, ingawa wafanyabiashara halisi wa Mwanjelwa wanaokwenda Kariakoo kufuata mzigo wamejaa nyuma. "Daraja la uchumi" halina kazi. LATRA imekwisha kutuzoesha daraja la kawaida, na abiria wa basi na wa ndege ni mtu yuleyule.

Simlaumu anayelipia. Safari ya Songwe hadi Dar es Salaam ni fupi, na mara nyingi faida kubwa ya kukaa mbele si kiti bali ni uzito wa mizigo unaoruhusiwa. Mfanyabiashara mwenye mabegi mazito anaweza kukuta nyongeza ya nauli ni ndogo kuliko tozo ya kilo zilizozidi. Ila kabla hujatoa fedha, uliza mambo matatu: je, uzito wa mizigo unapanda pamoja na kiti? Je, pointi zitahesabiwa kwa daraja jipya au kwa tiketi ya zamani? Na safari ikiahirishwa, nyongeza ya nauli inarudi? Omba risiti inayotaja daraja ulilolipia. Ukikwama, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lipo kwa ajili hiyo.

Na ninyi mnaoandika programu za simu, tiketi na matangazo ya mashirika yetu, andikeni "lipia daraja la juu" mnapouza, na "umepandishwa daraja" mnapotoa. Mteja wa kudumu akiona miezi inapita na neno la pili halijitokezi kwenye simu yake, atajua kwamba pointi anazokusanya hazina kiti, na atakuwa huru kununua tiketi yoyote iliyo rahisi.